Nyonga Yangu ya Kauri

Jumatatu, 3 Machi
Aibu! Leo nimesimamia mtihani wa hesabu. Kimya, kalamu tu. Mtahiniwa mmoja kaangusha rula. Nikainama kuiokota — nyonga ikalia, kama ifanyavyo nyumbani miezi sasa. Nyiii! Kama chaki mpya ubaoni. Vichwa vyote juu. Nikakisukuma kiti kwa mguu ili kisingiziwe chenyewe. Wakacheka chini chini. Nikawakemea! Mimi, mwalimu wa nidhamu, nawagombeza watoto wa watu kwa kosa la mwili wangu.

Jumanne, 4 Machi
Kwa daktari wa mifupa, aliyeniwekea nyonga hii mwaka juzi. Kapiga picha. Kila kitu kiko mahali pake, hakuna ufa. Anasema ni kauri kwa kauri: kichwa cha kauri kinazunguka ndani ya kikombe cha kauri. Hailiki upesi, ila kwa wachache hulia, hasa wakiinama. Kikombe kingekuwa na bitana ya plastiki nisingesikia kitu. Akaniuliza, kwani sikukuambia, mama, umesahau?

Sijasahau. Alisema plastiki ya siku hizi ni imara, kwa umri wangu inatosha kabisa. Nikamjibu mimi si ndoo! Nikataka ile ghali, kisha nikaitangaza mtaa mzima. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Langu halivunjiki — linapiga kelele.

Ijumaa, 7 Machi
Mdogo wangu kapiga simu. Yeye ni fundi cherehani, nyonga imemwisha, Jumatatu anabadilishwa. Daktari ni yuleyule. Siri yangu hakuitoa, ila kamshauri achukue yenye plastiki, maana kazi yake ni ya kuinama na ile ngumu huenda ikamlilia. Amekataa! Anataka kama ya dada. Dada hajalalamika hata siku moja.

Nikafungua mdomo. Nikamuuliza kama kwao mvua imenyesha. Mvua! Najichukia. Ni mimi niliyemjaza kichwa, nikamwambia plastiki ni ya wasiojiweza. Kutwa yuko magotini anapima pindo za watu, kwenye chumba ambacho mteja akipumua unamsikia. Na ana haya tangu utotoni. Nikimwambia, atajua pia nilivyodanganya miezi yote hii.

Jumapili, 9 Machi
Nimekuja kwake nimwambie uso kwa uso. Jioni anaingia hospitali. Begi liko tayari, shemeji ameenda kutafuta gari.

Kanipokea kwa magongo, anacheka. Akaniomba nitembee aone. Nikatembea — nikitembea haitoi sauti. Akapiga makofi! Akasema naye atatembea hivyo hivyo, wateja wasimtambue. Nikasema inshallah. Ndiyo, hilo tu ndilo nililosema.

Kisha kopo la pini likamponyoka, zikatapakaa sakafuni. Niokotee, dada. Nikasema safari imenichosha. Uongo mtupu! Akaegemea meza, akainama mwenyewe. Uso ukamkunjamana kwa maumivu, jasho likamtoka. Halafu ananiomba radhi mimi! Pumzika dada yangu, nimekusumbua. Nikakaa kitini nikamtazama. Sijapata kujiona mdogo hivi.

Sasa anaoga. Naandika kwenye meza yake ya kukatia. Shemeji amerudi, gari liko nje, injini inanguruma. Nimemwambia asubiri kidogo. Kaniuliza kuna nini. Nikasema hakuna.

Pini moja imebaki karibu na kiatu changu. Akitoka peku itamchoma.

Nimeinama. Imelia — ndefu, mbaya kuliko ya darasani. Maji bafuni yamefungwa. Anauliza nini hicho kinacholia. Anauliza tena, dada, ni wewe?