Roketi ya Bati kwa Baba Mshonaji

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada, na ujue anayeuomba hajawahi kuomba hata kiberiti, maana mimi ni yule fundi wa kuchomea vyuma niliyewahi kunyoosha ekseli ya lori kwa goti huku nakunywa chai, na chai haikumwagika, mashahidi wapo, wawili wamekufa lakini mmoja yupo. Shule niliishia darasa la tano, sikufukuzwa, niliona tu yanatosha. Leo nimekaa juu ya debe hapa karakana, nimeshindwa na kitu cha kuchezea.

Baba yangu ni mshonaji, ana miaka themanini na moja, na daktari amesema ni presha ya macho, la kushoto limeshakwenda na la kulia halimalizi mwezi, wala hakuna dawa ya kulirudisha. Juzi mzee kanishika mkono akasema, "Mwanangu, sijakuomba kitu tangu uzaliwe. Kabla giza halijafika, nataka nikaione roketi yako ikipaa." Mshauri, nilitamani ardhi inimeze. Kwa sababu miaka ishirini na mitatu iliyopita, nilipokuwa sina kazi na nimechoka kuulizwa, nilimwambia nimeajiriwa kiwanda cha roketi, nikidhani ni uongo wa wiki moja, lakini uongo ule ukaota miguu, ukaoa, ukazaa, nikawa nampelekea habari, leo tumerusha moja imepita mwezini ikageuza, leo mkubwa kanipandisha cheo, naye anawasimulia wateja huku anawapima viuno. Na mpaka mwaka jana jicho lilipomkataa, ndiye aliyekuwa ananitilia viraka ovaroli langu la kazi, yale matundu ya cheche namwambia ni moto wa roketi, naye anajibu tu, "Ehee," anaendelea kushona. Mimi nachomea mageti, mshauri. Mageti na vitanda vya chuma.

Basi nikaenda duka la vitu vya kuchezea, nilisikia wanauza maboksi ya roketi ya kuunganisha mwenyewe. Muuzaji, binti mwenye ulimi kama wembe, akanitandikia matatu mezani. Moja dogo, mwili wa karatasi ngumu, mabawa ya mbao nyepesi, mwavuli wa kuishusha polepole, na injini ya baruti nene kama kidole gumba. Jingine kubwa kama mguu wa meza, maelezo yake kurasa thelathini. Na moja la plastiki, zuri kuliko yote, ila halipai, la kuweka kabatini.

"Chukua hili dogo, mjomba," akasema. "Ni la kuanzia miaka kumi."

"Mimi nina hamsini na nne!"

"Basi umevuka, hongera."

Nikalichukua kwa hasira. Kufika karakana, aibu ikanishika, karatasi kweli, mtu wa chuma kama mimi? Nikaitupa karatasi, nikakunja bati la mfereji wa paa, nikachomea na mabawa ya bati, maelezo sikuyasoma maana herufi zake ni kama sisimizi wamehama. Jumapili asubuhi nikaenda uwanjani kuijaribu. Haikupaa hata kimo cha kuku. Ilikoroma, ikalala ubavu, ikateleza kwenye nyasi kama mlevi anayetafuta kwao, ikagonga nguzo ya goli, ikazima. Dada yangu mkubwa alikuwa amenifuata. Akalisukuma lile bati kwa ncha ya kiatu. "Mtu mzima hovyo," akasema. "Usimwachie mzee giza na uongo wako vyote kwa pamoja."

Nikisema kweli, namvunja. Nikinyamaza, anapofuka akisubiri. Zimebaki siku kumi na mbili mwezi wa daktari uishe. Je, nimnunulie lile kubwa aone moshi mwingi, au lile la plastiki nimwambie ndiyo yenyewe, imepumzika? Wapwa zangu wananiita Mjomba Anga. Jina hilo nililipenda sana.

Mjomba Anga

JIBU

Mjomba Anga, pole. Hiyo ni ya macho ya baba yako. Yako utaipata ukiistahili.

Kwanza shukuru kwamba bati lilikuwa zito. Baruti ikipasuka ndani ya bati, kila kipande ni kisu. Mwili umetengenezwa kwa karatasi ili upae, na ukiharibika usimuue mtu. Fundi mzima, hilo nalo ulisubiri gazeti likwambie?

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nakwama kwenye ovaroli. Mshonaji wa umri ule analijua tundu la pasi, la panya, la sigara, na la cheche za kuchomea. Au unadhani fundi wa mageti aliyempelekea nguo ni wewe peke yako? Akasema "Ehee," akaendelea kushona. Wewe ulisikia mtu aliyeamini. Mimi nasikia mtu aliyekusitiri. Huenda nakosea. Kama sikosei, mzee haombi roketi. Anakupa nafasi ya kuutua mzigo huo angali anaweza kukuona usoni.

La plastiki liache, vya kutazama tu umeshampa vya kutosha. La kubwa litakumalizia siku. Rudi kwa yule binti, nunua dogo, mwombe akusomee maelezo yote, hasa ya usalama. Kusomewa si ugonjwa. Boksi mpelekee baba leo, likiwa halijafunguliwa. Keti karibu na cherehani yake useme, "Baba, mimi nachomea mageti." Basi. Usitie chumvi, najua mkono utakuwasha. Akilia, mwache alie. Akikufukuza, kaa mlangoni.

Akikuita, mpe mwavuli na nyuzi zake aufunge yeye. Kazi hiyo vidole vyake vinaiweza bila macho. Wewe gundisha mabawa, upake rangi nyekundu. Mkairushe mchana, mbali na watu na nyumba.

Sitakudanganya, inapanda kwa sekunde chache tu, na jicho lile huenda lisiione. Hapo mshike bega umsimulie: imefika wapi, mwavuli umefunguka au la, inaangukia wapi. Ukitaka kuongeza mwezi, jing'ate ulimi. Mwezi ujao baba yako hatakuwa na macho mengine ila yako, na kipofu hana namna ya kugeuka akahakikisha.