Aliyembembeleza Baba Yako

Mjukuu wangu Rehema,

Marahaba. Huku Ifakara hatujambo, shangazi yako yuko kwenye mpunga. Unauliza mimi na babu yako tulipokezanaje kumlea baba yako alipokuwa mchanga.

Mchana mmoja tulimlaza kwenye dungu, kile kibanda cha juu shambani. Babu yako alifukuza ndege upande wa mto, mimi nikavuna upande wa pili. Mtoto akalia, kisha nikasikia anabembelezwa kwa wimbo. Nikajua ni babu yako, nikaendelea kuvuna.

Baadaye tukakutana chini ya ngazi, kila mmoja akitoka upande wake.

“Si ulikuwa naye wewe?” akaniuliza.

Basi wewe na mumeo ulizaneni kwa mdomo nani yuko na mtoto, hata mkisikia amenyamaza.

Nilipotaka kumnyonyesha, baba yako alikataa. Alikuwa ameshiba.

Bibi yako