Alama Sita za Nyumba ya Metodi

Burgas, 3 Machi

Baba Mkubwa Radko,

Shikamoo. Mgongo unasemaje baada ya theluji yote ile? Sisi wazima, ila baba anagombana na magoti yake.

Kitabu chako cha kijiji kimefika. Nimekisoma nikacheka, nikalia. Mtu asingejua kwamba siku hizi pote pale ni maji ya bwawa. Lakini vichwa, jamani! Jina la kila nyumba litangulizwe alama mbili za reli, hivi ##, ndipo kompyuta iyatoe yote kwa ukubwa mmoja. Wewe kinyozi umempa moja, padri nne, na nyumba ya baba yangu sita! Alama zikizidi herufi hupungua, jina letu limetoka dogo kama sisimizi. Ulikosea, au? Tusawazishe kabla ya kwenda kwa mchapaji, maana wanakijiji wanakutana Mei.

Mwanao,
Desi

Smolyan, 9 Machi

Desi mwanangu,

Marahaba. Mgongo upo, unaniamsha kabla ya jogoo.

Sikukosea. Kinyozi alikuwa mtu, kapata moja. Padri alikuwa mlafi. Baba yako alikuwa wa kwanza kutia saini tuhame kupisha bwawa, mimi nimesimama mlangoni na shoka nawafukuza wale maofisa. Mashine yako inaishia sita, la sivyo ningempa ishirini.

Baba yako mkubwa,
Radko

Burgas, 11 Machi

Baba Mkubwa,

Shikamoo tena, na usininunie. Alama hizo hazipimi wema wa mtu. Zinasema tu: hapa palikuwa na nyumba. Yetu ilikuwa nyumba, au banda la mbuzi? Mimi nimezaliwa maji yameshapanda. Nitaiona humo kitabuni tu. Sitagusa kitu. Rekebisha mwenyewe, nakuomba.

Mwanao,
Desi

Smolyan, 20 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nimekawia, najua, na mchapaji anasubiri.

Nimezisawazisha. Zote mbili mbili, hata mlafi. Basi jina la baba yako Metodi likasimama kubwa, na chini yake maneno mawili: “Walihama mapema.” Nikaona aibu. Nimejaribu kuongeza, naandika nafuta, hata dirisha lao lilitazama wapi sikumbuki. Nimemkumbuka yeye tu, mshenzi yule.

Aje anisimulie. Na ya saini pia, nitaiandika anavyosema yeye. Mwambie kaka yake anamwita.

Baba yako mkubwa,
Radko