Mawese Ndani ya Moteri

Kwako Mutani, huko tulikokulaza jana,

Leo sianzi na salamu. Nilikusalimu vya kutosha ulipokuwa hai, na kila nilipotaka kusema neno la maana ulinikatiza kwa mzaha. Sasa huna mdomo wa kunikatiza, kwa hiyo tulia unisikilize.

Unakumbuka tulivyojuana. Mume wangu alikuwa hai bado, anafanya kazi ya reli, nawe ulikuja kwetu kambini ukitokea Sakania, vumbi mpaka kwenye kope. Ukaniuliza ukoo wangu. Niliposema mimi ni wa Mbuzi, ulicheka ukashika ukuta. "Aa mama, mi niko Chui. Leo minakula." Ukaingia jikoni kwangu bila hodi, ukafunua sufuria, ukachagua kipande kikubwa kuliko vyote. Mume wangu akacheka, nami nikacheka. Ndivyo tulivyokuta kwa mababu zetu: mtu wa Chui na mtu wa Mbuzi wanataniana, wanatukanana, wananyang'anyana vitu, wanazikana, na anayekasirika ndiye mwenye makosa.

Na mume wangu alipofariki, Mutani, sitakudhulumu, ulifanya kazi yako vizuri. Ulivaa kofia yake ya reli, ukapuliza filimbi yake katikati ya matanga, ukawatangazia waombolezaji kwamba treni imechelewa, warudi kesho. Nilicheka huku machozi yananitiririka. Usiku huo nilikuombea kwa Mungu, nikasema huyu ni ndugu.

Nyumba ya kambi ilitaka mfanyakazi mwingine. Nikahamia mtaa wa Kenya, hapa hapa mjini, nikajenga vyumba viwili vya tofali, nikauza mawese sokoni. Wewe ndiye uliyenitia wazo la kununua kamyo, lori la mizigo. "Mama, ile kamyo ya Mugriki iko inauzishwa. Ya zamani, lakini moteri iko muzima. Weye utakuwa mwenye, mi nitakuwa shofa, mi njo naendesha." Mwanamke mjane mwenye kamyo, Elisabethville nzima! Walinicheka sokoni. Nami nilijua kitu kimoja tu: kamyo ile ikitembea, hakuna atakayeniambia nifunge mizigo nirudi kijijini kwa shemeji zangu, wanigawane kama vyombo vya marehemu.

Na ilitembea. Ulienda barabara ya Sakania na chumvi na vitambaa, ukarudi na unga, maharagwe na samaki wakavu. Nilikuwa nikisikia honi yako tangu mbali, natoka mbio na kitenge kimoja. Siku zile nilikuwa na furaha, usidhani nimesahau.

Kila safari nilikununulia bidoni, dumu zima la oili ya injini, dukani kwa Mgiriki, nikakupa mkononi mwako. Na kila safari ulipita kibandani kwangu ukachukua chupa ya mawese. "Chui anachukua," unasema, unaondoka nayo. Nilikuacha. Niliona unampelekea mke wako Febronia akapikie watoto. Ningekataaje? Mtani hakatazwi.

Kisha nikaanza kuona mambo madogo. Nilikuambia rejeta inavuja, ukasema mbuzi naye anakojoa, mbona hajafa. Nilikuambia lile vumbi jekundu limejaa kwenye chujio la hewa, likung'ute tu kidogo, ni kazi ya kumaliza sigara moja. Ukasema nikung'ute kwanza chawa wangu. Watu wakacheka. Nikakuuliza mbona kamyo ikirudi inanuka kama mtu anakaanga mikate jikoni. Ukanitazama machoni, Mutani, nakumbuka uso wako. Ukasema, "Mbuzi iko nasikia njaa." Nikacheka tena. Nilicheka kwa sababu ndiyo heshima niliyofundishwa.

Wewe unajua kipupwe chetu, mwezi wa sita, namna asubuhi inavyouma vidole. Sufuria ya mchuzi ukiiacha nje usiku, asubuhi mawese yameganda juu unaweza kuyakata na kisu. Asubuhi ya namna hiyo uliwasha kamyo uani kwangu, ukakanyaga mafuta kwa nguvu kwa sababu ulichelewa. Niliisikia ikigonga, ka, ka, ka, kisha mlio mmoja mkubwa, kisha kimya. Moteri ilikuwa imepasuka ubavuni.

Fundi Ilunga alilala chini yake, akafungua, akaniita. "Mama, njo uone. Hii haina oili. Iko mawese, imeganda yote." Akanionyesha kiganja chake: mawese mekundu na mazito, kama yale ninayowachotea wateja wangu kila siku. Nilikugeukia. Ulikuwa unatazama tairi.

Baadaye Sakania nzima iliniambia oili yangu iliuzwa wapi, na nani alivalishwa kitambaa kipya kwa hizo bidoni. Hilo ningelimeza. Mwanaume akipumbazwa na mwanamke si jambo geni. Lakini wewe ulienda Kenya nzima, baa kwa baa, ukasema: ni yeye mwenyewe, yule Mbuzi bahili, anauza mawese, ndiye aliniambia nitie mawese. Nao wakaamini, maana kibanda changu wanakijua, na chupa walikuona ukizichukua mchana kweupe mimi nikicheka. Ulinivisha makosa yako kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo changu.

Moteri nyingine ilipatikana, lakini ilibidi niuze vile vyumba viwili. Kamyo iko, nyumba haiko. Nimepanga chumba nyuma ya nyumba ya mtu, namwomba ruhusa hata ya kuanika nguo. Shemeji zangu walikuja kuona mwisho wangu, nikawaambia sirudi, na mpaka leo wanangoja nishindwe. Wewe siku hizo ulikuwa umeshapata kazi mtaa wa Bel-Air, unaendesha kamyo ya mzungu. Tukikutana njiani uliniita Mbuzi kama zamani, nami nilijibu. Nikikumbuka namna nilivyokuwa nikijibu, roho inaniuma.

Jana waliniita. Chui akifa, Mbuzi lazima aje awachekeshe wafiwa na kumsema maiti. Nilitaka kukataa. Kisha nikakumbuka kwamba maneno ya mtani msibani hayakasirikiwi na mtu, na nikaona Mungu amenifungulia njia. Nikasema moyoni, leo nitasema yote, mbele ya watu wote, mbele ya ndugu zako.

Nikasimama kando ya jeneza. Nikasema, "Huyu mwenye kulala hapa iko mwizi. Oili yangu aliiuzisha Sakania. Alitia mawese mu moteri. Alikula nyumba yangu na tofali zake, na akasema ni mi mwenyewe nilimutuma." Sikutia mzaha hata kidogo.

Wakacheka. Walicheka mpaka wengine wakaketi chini. Mzee mmoja wa kwenu akasema, "Huyu mama anajua kazi yake." Nikazidi kusema, wakazidi kucheka. Nikalia, wakanipigia makofi, wakasema hajaonekana mtani wa namna hii.

Ndipo Febronia, macho yamevimba kwa kilio, akacheka naye kwa mara ya kwanza tangu ufe. Akaniambia, "Mawese? Ye? Mama, unamusingizia. Ile kamyo ya muzungu, kila asubuhi anaangaria oili mbele ya kunywa chai. Chujio anapanguza na shati yake. Tulikuwa tunamuambia, unapenda ile moteri kupita bibi yako." Wakacheka tena.

Miaka yote hii nilikuwekea akiba ya huruma moyoni, Mutani. Nilikuwa najiambia, labda hakujua. Labda ni mtu mvivu tu, mzembe, hajui kwamba moteri inataka kutunzwa. Nilikuwa nalala na hiyo labda kama na blanketi.

Kumbe ulijua. Moteri ya yule ambaye angekufukuza uliitunza. Yangu uliiacha ife, kwa sababu ulijua mimi nitacheka.

Udongo nilikutupia, kama desturi. Nilimshika Febronia mkono mpaka nyumbani, hana kosa. Wewe lala. Wengine wakuombee, mimi nitakapoweza nitakuombea, lakini si mwaka huu. Na hapa chini siandiki mtani wako. Mtani hakasiriki, nami nimekasirika, na hakuna atakayecheka.

Mimi uliyemharibia,
Mama Sidonie, mwenye kamyo