Kanga Niliyoiacha Ofisini

Jumatatu, usiku

Kilio cha Baraka bado kiko masikioni mwangu. Kilipenya ukuta wa chumba cha watoto hadi kikaoni, wakati mkuu wetu wa kazi anakisifia chumba hicho ambacho ofisi imetufungulia sisi wazazi.

"Mama Baraka, mwanao anachangia hoja," Rehema, mfanyakazi mwenzangu, alininong'oneza. Waliosikia wakacheka. Mimi nilitaka kulia.

Halafu kilio kikakatika ghafla. Nilitoka mbio. Mlezi alikuwa amembeba mgongoni kwa kanga yangu ya kulalia, niliyoitia kwenye mkoba wake asubuhi, naye Baraka amesinzia.

Jioni mama akapiga simu. "Mlete huku kwangu Hombolo. Mjukuu wangu si faili la kufungiwa ofisini."

Labda ni kweli. Lakini Baraka akienda, nitakuwa mgeni wake wa Jumapili. Nimemwambia mama hapana. Kanga nilishamwachia mlezi, ya kumbebea kesho.