Kitambaa Ulichomfunga Mama

Riyadh,
Jumamosi asubuhi

Kukhu wangu mpendwa,

Pokea salamu za mjukuu wako ambaye sasa amekupita kimo, ingawa najua hutaamini mpaka tusimame mgongo kwa mgongo. Goti la kushoto linaendeleaje? Unameza zile dawa alizotuma Mama, au bado ziko kabatini zikingoja mgeni? Na yule ng'ombe mwekundu, ameshazaa? Sisi huku ni wazima. Joto limeanza kupungua, na siku hizi Mama hapangiwi zamu za usiku kule hospitali kwenye kitengo cha figo, kwa hiyo tunakula pamoja. Tunamshukuru Mungu.

Barua hii unaletewa na Mwalimu Tabitha, yule mama wa Kakamega anayenifundisha Kiswahili na Dini hapa nyumbani, maana shule yangu haifundishi hayo. Amekuja likizo. Amebeba pia kifurushi kidogo. Nakusihi usikifungue kabla hujamaliza kusoma. Kama umeshakifungua, basi keti, Kukhu, na usimwite mtu kwanza.

Nitasema wazi, kwa sababu wewe ndiwe uliyenifundisha kwamba mtu anayezungukazunguka nyumba huonekana mwizi. Kuna mwanamume anayetaka kumwoa Mama. Mama anataka kukubali. Hawezi, kwa ajili ya kitambaa cheupe cha wajane ulichomfunga kichwani kanisani.

Najua Baba mdogo ameshakueleza habari hizi kwa njia yake. Nami nikueleze kwa yangu.

Anaitwa Bwana Elia. Ni Mtanzania wa Mbeya, fundi wa mitambo ya kusafisha maji ya bahari huko Jeddah. Mke wake alifariki, na hawakujaliwa mtoto. Mama alimjua alipomleta hapa Riyadh mfanyakazi mwenzake aliyeugua figo. Yule mgonjwa alikuwa Mbengali, lugha yenyewe hawakuelewana, lakini Bwana Elia aliketi kando ya kitanda mpaka mwenzake akaruhusiwa. Mama alirudi nyumbani akasema, "Mtu yule hajui kuondoka." Alisema hivyo akivua viatu, kama mtu anayesema habari za mvua, lakini mimi nilisikia.

Shule zilipofungwa tulikwenda Jeddah. Bwana Elia alitutembeza Balad, mji wa zamani, penye nyumba za mawe ya matumbawe na madirisha ya mbao yaliyochongwa. Njia nzima alinitania kuhusu Kiswahili changu.

"Nyie Wakenya, shikamoo mliiacha mpakani?"

"Marahaba," nikamjibu, nikijifanya mkubwa wake. Alicheka mpaka mchukuzi mmoja akasimamisha mkokoteni wake kututazama.

Tuliketi kunywa chai, watu watatu meza moja, kwa sababu Mama hakutaka waketi wawili. Hapo Bwana Elia aliacha mzaha. Alisema, "Mama Abigael, mkataba wangu unakwisha. Kabla sijarudi nyumbani moja kwa moja, naomba kuwapeleka wazee wangu kwa mama mkwe wako. Sitaki kuingia kwa dirisha."

Mama alizungusha kikombe chake. "Mama mkwe ndiye aliyenifunga kitambaa," akasema. "Aliyekifunga alikuwa analia, Elia. Utamwambiaje mtu kama huyo afungue?"

"Basi nimpe heshima ya kumwuliza."

"Usimwulize. Atafikiri nimemsahau mwanawe."

Tukarudi Riyadh. Ndipo ukapiga simu, Kukhu, kwa sababu Baba mdogo alikuwa ameshasikia. Simu ilikuwa kwenye spika na nilikuwa nachambua mchele. Ulisema, "Nadhiri si leso, Phanice, useme asubuhi utavaa nyingine." Mama akajibu, "Ndiyo, Mama." Ukasema, "Nabii Ana alikaa mjane hekaluni mpaka uzeeni, na ndiye aliyemwona Mtoto Yesu." Mama akajibu tena, "Ndiyo, Mama." Kisha akachukua ule mchele niliokwisha kuuchambua akaanza kuuchambua upya.

Kukhu, naomba unisikilize sasa kama ulivyonisikiliza nikikariri mistari kwenye benchi la jikoni.

Ijumaa tunakutana wachache hapa kwetu kusoma Neno. Tunaimba kwa sauti ya chini na kuacha televisheni ikisema, na kengele ya mlango ikilia wote tunanyamaza. Ijumaa iliyofuata simu yako tulikuwa wanne: Mama, Mwalimu Tabitha, mimi, na Dada Mwende wa Kitui, anayefanya kazi za ndani na kuishi kwa bosi wake huko mtaa wa Olaya. Mwalimu alikuwa akinifundisha jinsi Wakristo wa kwanza walivyobishana juu ya ndoa. Nilidhani walibishana juu ya sanamu na tohara tu. Kumbe hata hili liliwagawanya. Wengine walisema bikira na mjane wako karibu zaidi na mbingu. Wengine walivuka mpaka wakasema ndoa yenyewe ni uchafu. Wengine wakasema ndoa ya pili ni uzinzi uliovalishwa nguo nzuri. Na wengine waliwakemea wote hao, wakasema Mungu hakutengeneza kitu kichafu.

Dada Mwende akapiga paja. "Mimi niko na Paulo. Paulo hakuoa. Nyumbani wananiuliza, Mwende, mume wako wapi? Nawaambia, huku nina watoto watano wa bosi, wote wanalia Mwende, Mwende. Mume wa nini tena? Halas, yatosha!"

Tulicheka, tukiziba midomo. Mama peke yake hakucheka. Aliuliza, kama anayeuliza kwa niaba ya mtu mwingine, "Na mjane aliyeapa?"

Dada Mwende akageuka. Anampenda Mama, lakini hajui kusema nusu. "Mama Abi, uliapa mbele ya madhabahu. Ama sasa Mungu amekuwa kafili? Leo unasaini, kesho unatafuta uhamisho?"

Mwalimu akasema taratibu, "Kafili ndiye bosi anayeshika pasipoti yako, Mwende. Mungu hajashika ya mtu."

"Mwalimu, nadhiri ni nadhiri."

"Ni nadhiri. Na ndiyo maana mtume aliogopa kuwaandikisha wajane wachanga. Soma, Abigael."

Nikasoma ule waraka kwa Timotheo, ninaojua umeupigia mstari katika kitabu chako. Kukhu, tuliusoma wote, mimi na wewe, lakini tulikuwa tunasimama pale panaposema mjane wa kweli hudumu katika maombi usiku na mchana. Ukiendelea, mtume anaagiza kwamba mjane asiandikwe katika orodha ya kanisa kabla hajafika miaka sitini. Wachanga anataka waolewe. Sababu anaitaja: wakifungwa mapema, siku moja watatamani kuolewa, na ile ahadi yao ya kwanza itawahukumu. Hakuwachukia. Hakutaka watwishwe mzigo ambao hawajaujua uzito wake.

Mama aliinuka akaenda jikoni. Maji yalifunguliwa bombani kwa muda mrefu, na hapakuwa na vyombo vya kuosha.

Mama alipofungwa kitambaa, Kukhu, hakuwa hata amekaribia arobaini.

Silisemi hili kukulaumu. Nilikuwa mdogo, lakini lile koti nalikumbuka. Tulitoka kumzika Baba, na Baba mdogo alikuwa ameshatundika koti lake nyuma ya mlango wa chumba cha Mama, kama mwenye nyumba aliyerudi. Wazee walisema ndiyo desturi, mjane hurithiwa. Mama alikuwa amekaa sakafuni, hataki kulala ndani wala hana pa kwenda. Wewe hukubishana na mtu. Jumapili ulimshika mkono ukampeleka mbele ya kanisa, akaapa kwamba hataolewa tena, ukamfunga kitambaa cha wajane kwa mikono yako mwenyewe. Tuliporudi, koti halikuwepo. Hakuna mwanamume wa ukoo aliyethubutu kumgusa mwanamke wa madhabahu. Ulimwokoa, Kukhu. Mama husema hivyo mpaka leo, na mimi nimekaa katika nchi hii na kusoma kwa sababu ya kitambaa kile.

Lakini nafikiri kilikuwa mlango wa kufungia mwizi nje. Mwizi alikwisha kwenda, na Mama bado yuko ndani.

Baba mdogo anasema Mama akiolewa, aende, mimi nirudishwe, kwa kuwa mtoto ni wa ukoo. Sitakuficha, hilo linanitia hofu kuliko mtihani wowote. Mimi ni wa ukoo, na sitaacha kuwa. Nikiulizwa baba yangu ni nani, nitamtaja mwanao. Bwana Elia analijua hilo. Aliniambia, "Mimi sitafuti kiti cha baba yako. Nitaleta changu." Ila nataka kuendelea kuishi na Mama, na katika boma letu neno lako tu ndilo linaloweza kumnyamazisha Baba mdogo.

Jambo jingine moja, kisha nimalize. Wewe ndiwe uliyenipa jina. Ulimpenda Ana, lakini hukuniita Ana. Uliniita Abigael, na Abigael alikuwa mjane, na alipoitwa na Daudi aolewe naye aliondoka akapanda punda wake upesi. Sijawahi kukusikia ukimsema vibaya.

Sasa kuhusu kifurushi. Jana Mwalimu alipokuja kuaga, Mama alitoa kile kitambaa. Alikuwa amekifua na kukipiga pasi mpaka kikakaa kama karatasi. Sikujua. Alimpa Mwalimu na kusema, "Mkabidhi mama mkwe mkononi. Mwambie sijakivua kwa hasira, na mwanawe sijamsahau. Akikirudisha, nitakifunga mpaka nizikwe, na Elia nitamwambia hapana mimi mwenyewe. Asipokirudisha…" Akamwuliza Mwalimu kama sanduku lake limezidi kilo.

Bwana Elia anangoja. Hajapewa jibu, na mkataba wake haungoji.

Nisalimie shangazi anayeuza samaki sokoni, na mjomba fundi wa baiskeli. Wasalimie mama zetu wote wa chama cha wajane, hasa yule mzee anayeanzisha nyimbo. Msalimie Baba mdogo pia, kwa heshima. Pamoja na barua kuna unga wa muhogo ambao Bwana Elia aliununua sokoni Ghulail, huko Jeddah, aliposikia kwamba unaupenda. Alisema ule hata kama jibu ni hapana.

Mwalimu Tabitha akirudi, nitakuwa wa kwanza kufungua sanduku lake. Nitapekua chini ya wimbi na njugu utakazotutumia, polepole, mpaka chini kabisa. Nitakuwa nakitafuta kile kitambaa, Kukhu, huku namwomba Mungu nisikikute.

Mjukuu wako anayekupenda na kukutii,
Abigael