Risasi ya Elki

Mjomba Sefu,

Shikamoo. Mimi mzima, ila baridi ya London inauma masikio. Leo nilimsindikiza jirani yangu Khamis, Mpemba, kwenye duka la bunduki. Wenzake wa kazini wamemwalika Sweden kuwinda elki, mnyama wa pembe, mkubwa kama farasi. Alitaka risasi ya kaliba ndogo, ile nyembamba, ili amkute hai amchinje, maana mama yake hali nyama isiyochinjwa. Masheikh wamemwambia bismillahi kabla ya kufyatua inatosha. Mama hataki kusikia.

Muuzaji akaweka risasi mbili mezani. "Hii ndogo itamjeruhi tu. Atakimbilia msituni, afe kesho. Hii nzito inapanuka ndani, hafiki mbali."

"Nikimfikia atakuwa hai?"

"Natumaini hapana."

Khamis alizipima mkononi kwa muda mrefu. Tangu yeye na mama yake wakimbilie huku, hajawahi kumletea nyama ya mawindo.

"Nipe hiyo nzito," akasema. "Mama nitamnunulia samaki."

Nilikukumbuka, mjomba, ulivyokuwa ukifuata damu ya pofu, yule swala mkubwa, uliyemjeruhi, mchana kutwa, hurudi mpaka umpate. Mungu akuongezee nguvu za miguu.

Mpwa wako,
Rashidi